Peugeot 504 na Vitz: Nishati Inakwenda Wapi?

Ukipita gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam au za Grogan jijini Nairobi, hukosi mzee atakayekwambia kwamba magari yalikuwa yale ya zamani. Atapiga boneti la Peugeot 504 kwa kiganja ili usikie linavyoitika. Kisha atakwenda kwenye Toyota Vitz iliyo pembeni, abonyeze mlango kwa kidole gumba, bati liingie ndani na kurudi. "Sasa hili nalo ni gari?" Vijana watacheka, na mwenye Vitz atasema kwamba yeye angalau hajazi mafuta kila asubuhi.

Mabishano haya hayaishi kwa sababu kila upande unapima kitu chake. Mmoja anapima chuma, mwingine anapima mfuko. Kuna kipimo kimoja kinachoyafaa magari yote mawili, nacho ni nishati. Kanuni yake ni nyepesi: nishati haiumbwi wala haipotei, huhama tu kutoka mahali hadi mahali na kubadilika sura. Kwa hiyo kila gari lina swali moja la kujibu, iwe linapanda mlima, linafunga breki au linagonga ukuta: ile nishati imekwenda wapi?

Tuwatambue wenyewe kwanza. Peugeot 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Gari la Mwaka barani Ulaya. Ina urefu wa karibu mita 4.5, uzito wa kilo 1,200 hivi, na ile iliyozoeleka zaidi ina injini ya sentimita za ujazo 1,971 inayotoa nguvu za farasi 90 na ushee. Ile ya nyuma ndefu yenye safu tatu za viti ilifanya kazi ya matatu ya masafa marefu Kenya kwa miaka mingi. Vitz ilizaliwa Japani mwaka 1999. Nitakayoitumia hapa ni ya kizazi cha pili, ya mwaka 2005, yenye urefu wa mita 3.75, uzito wa karibu tani moja, na injini ya silinda tatu yenye sentimita za ujazo 996 na nguvu za farasi 71. Huko Ulaya gari hilohilo huitwa Yaris.

Angalia hesabu hiyo ya nguvu. Injini ya Vitz ni nusu ya ile ya 504, lakini inatoa zaidi ya robo tatu ya nguvu zake. Hapo tayari kuna jambo la kuchunguza.

Tuanze na lita moja ya petroli. Ndani yake kuna nishati ya megajuli 32 hivi. Juli moja ni kazi unayofanya ukisukuma kitu kwa kani ya nyutoni 1 kwa umbali wa mita 1, na nyutoni 10 ni karibu sawa na uzito unaousikia ukibeba kilo moja ya sukari. Megajuli ni juli milioni moja.

Sasa chukua Vitz yenye watu wawili, barabara tambarare, mwendo wa kilomita 80 kwa saa, hakuna kuongeza wala kupunguza. Ni nini kinachoizuia? Wengi husema uzito, lakini uzito unavuta kwenda chini, hauvuti kurudi nyuma. Vizuizi vyenyewe ni viwili tu. Cha kwanza ni tairi: sehemu inayogusa lami hubonyea na kurudi, na kila inaporudi hairudishi nishati yote, nyingine inageuka joto. Ndiyo maana tairi huwa ya moto baada ya safari. Kwa tairi zilizojazwa upepo sawasawa, hasara hiyo ni kani ya karibu asilimia moja ya uzito wa gari, yaani nyutoni 120 hivi kwa Vitz. Cha pili ni hewa. Kwa umbo la Vitz, katika mwendo huo, hewa inasukuma nyuma kwa kani ya nyutoni 200 hivi. Jumla ni nyutoni 320.

Zidisha kani hiyo kwa umbali wa kilomita 100, yaani mita 100,000. Unapata juli milioni 32. Ni lita moja kamili.

Nakuomba urudie hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kuendelea, kwa sababu mimi kila nikiifanya hunishangaza. Kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze ni kilomita zipatazo 100, na kazi halisi ya kulisukuma gari dogo hadi huko, ukiacha vilima na foleni ya Kimara, ni ya lita moja ya mafuta. Lakini Vitz haifiki kwa lita moja. Itakunywa lita 4 na nusu hivi. Na 504, ambayo ni pana zaidi, nzito zaidi na yenye umbo lisilopasua hewa vizuri, inahitaji kazi ya takriban lita 1.4, lakini itakunywa kama 8. Ukichambua tofauti hiyo ya lita tatu na nusu utakuta karibu nusu yake inatokana na mwili wa gari, na nusu nyingine inatokana na injini.

Zile lita nyingine zimekwenda wapi? Weka mkono karibu na rejeta, kisha karibu na bomba la moshi, utazipata. Injini ni mashine ya joto, na Mfaransa Sadi Carnot alionyesha mwaka 1824 kwamba mashine ya joto haiwezi kamwe kugeuza joto lote kuwa kazi. Sehemu lazima itupwe nje. Hasara hiyo hakuna mhandisi wa kuifuta. Anachoweza kufanya ni kuokota zile nyingine, na hapo ndipo miaka hamsini ya kazi imetumika.

Hasara moja ambayo madereva wengi hawaifikirii ni ya kuvuta pumzi. Katika injini ya petroli, ukikanyaga mafuta kidogo tu, kuna kisahani ndani ya njia ya hewa kinachobaki karibu kufungwa. Pistoni inashuka ikivuta hewa kupitia mwanya mdogo, kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija uliobanwa, na jasho hilo la kuvuta linalipwa kwa mafuta. Injini ya lita mbili inayofanya kazi ndogo huwa imebanwa hivyo karibu muda wote. Injini ya lita moja ikifanya kazi ileile, kisahani chake kimefunguka zaidi, na sehemu zinazosuguana ni ndogo na chache. Ndiyo sababu injini ndogo inayojituma ina faida kuliko kubwa inayozembea, ingawa mzee wetu wa gereji ataapa kwamba injini kubwa haichoki na hivyo hainywi.

Nyingine ni ya kuchanganya mafuta na hewa. Ili petroli iungue sawasawa, kilo moja inahitaji kilo 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi, yanatoka nje hayajaungua. Yakipungua, injini inachemka na kugonga. 504 ya kawaida huchanganya kwa kabureta, kifaa ninachokipenda kwa sababu hakina umeme wala akili, kina umbo tu. Hewa inapita kwenye koo jembamba. Ikifika hapo inaongeza kasi. Ikiongeza kasi, kanieneo yake inashuka. Na kanieneo ikishuka, petroli iliyo kwenye kibakuli cha pembeni inanyonywa kupitia tundu dogo la shaba. Hewa nyingi, mafuta mengi. Hewa kidogo, mafuta kidogo. Hakuna anayepima chochote.

Udhaifu wake unaonekana ukitoka Mombasa kwenda Nairobi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Kwa hiyo kila pistoni ikishuka inavuta hewa pungufu kwa asilimia 15. Lakini mafuta yanayonyonywa kwenye koo la kabureta hayapungui kwa kiasi hicho. Yanafuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa hiyo, nayo yanapungua kwa asilimia 8 tu. Matokeo yake ni mchanganyiko wenye mafuta mengi kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zinaota masizi, gari linakosa nguvu mlimani. Ukirekebisha kabureta ukiwa Nairobi kisha ukashuka pwani, kosa linageuka, mafuta yanakuwa machache na injini inachemka kwenye joto la Mombasa. Dereva wa masafa aliyejua gari lake alijua pia bisibisi yake.

Vitz haikisii. Ina sensa inayopima hewa inayoingia, nozeli zinazofunguka kwa sehemu ndogo sana za sekunde, na sensa nyingine kwenye bomba la moshi inayonusa oksijeni iliyobaki. Oksijeni ikibaki nyingi, kompyuta inaongeza mafuta; ikikosekana, inapunguza. Inafanya hivyo tena na tena safari nzima. Panda Lushoto, shuka Tanga, dereva hajui kama kuna kilichobadilika. Pamoja na hilo kuna masega ya kwenye ekzosi, yaani kile kifaa chenye vitundu vingi kinachogeuza gesi za sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Masega hayawezi kuishi na petroli yenye madini ya risasi, ambayo ndiyo 504 ilikulia nayo; nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwishoni mwa mwaka 2005. Sijui kwa nini mafundi wengine wanayatoa masega na kuacha bomba tupu, halafu mwenye gari anajisifu kwamba sasa linavuta vizuri.

Haya, mafuta yamekwisha kusemwa. Mzee wa gereji hakuwa akizungumzia mafuta hasa. Alikuwa akizungumzia kugonga.

Kitu chochote kinachokwenda kina nishati ya mwendo. Gari la tani moja katika kilomita 64 kwa saa lina kilojuli 158. Likisimama, nishati hiyo lazima iende mahali. Ukifunga breki inakwenda kwenye diski kama joto. Ukigonga mti, inakwenda kwenye chuma kinachopinda. Na chuma kisipoipokea yote, inakwenda kwenye mifupa.

Lililo muhimu hapa ni umbali. Chukua mwendo, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa umbali wa kusimama mara mbili. Unapata jinsi mwendo unavyokatwa kwa ukali. Kilomita 64 kwa saa ni mita 17.8 kwa sekunde. Pua ya gari ikijikunja kwa sentimita 60, mwili wako unakatwa mwendo kwa ukali unaozidi mvutano wa dunia mara 27. Mtu wa kilo 70, kwa muda mfupi huo, anabanwa na mkanda kana kwamba ana uzito wa karibu tani 1.9. Inaumiza, lakini watu hupona. Pua ikijikunja kwa sentimita 20 tu kwa sababu ni ngumu, ukali unafika mara 81, na uzito huo unakuwa zaidi ya tani 5 na nusu. Mbavu hazina jibu la tani 5 na nusu.

Na asiyefunga mkanda? Yeye hafaidi hata zile sentimita 60. Gari linajikunja na kusimama, yeye bado anakwenda kwa 64, mpaka akutane na dashibodi. Hapo anasimama kwa sentimita chache. Ziite tano: ni tani 20 na ushee. Mkanda wa pointi tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin wa Volvo na kuanza kuwekwa kwenye magari mwaka 1959, kazi yake ni kumfunga abiria kwenye gari ili naye apate umbali ambao pua inampa.

Kwa hiyo bati la Vitz linalobonyea kwa kidole gumba halithibitishi chochote. Bati la nje ni nguo tu. Kinachofanya kazi ni mihimili miwili ya chuma iliyo nyuma ya bampa, iliyokusudiwa ijikunje kwa mpangilio, na chumba cha abiria nyuma yake, ambacho kimekusudiwa kisijikunje. Wazo hilo si la juzi. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, alikuwa na hataza yake mwanzoni mwa miaka ya 1950, na gari la kwanza lililoundwa hivyo lilitoka mwaka 1959. 504 ilikuja baadaye, kwa hiyo haikuzaliwa gizani. Lakini wahandisi wake hawakuwa na mifuko ya hewa, hawakuwa na aina za chuma kigumu tulizonazo leo, wala kompyuta ya kuligonga gari mara elfu kabla halijatengenezwa.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa mzee wetu alione. Mwaka 2017 ANCAP, shirika linalopima usalama wa magari Australia na New Zealand, liligonganisha Toyota Corolla ya mwaka 1998 na Corolla ya mwaka 2015 uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa, zikipishana nusu. Corolla ya 1998 si gari la makumbusho; zimejaa barabarani kwetu hadi leo. Mpya ilipata alama 12.93 kati ya 16. Ya zamani ilipata 0.40. Ukiitazama picha utaona kosa halikuwa kwamba ya zamani ilikataa kupinda. Ilipinda sana, ila ilipindia mahali pasipotakiwa: chumba cha dereva kiliporomoka, usukani ukaja, miguu ya mdoli aliyewekwa badala ya dereva ikabanwa. Hapo ndipo hoja ya "chuma kizito" inapovunjika. Gari la zamani haliwi salama kwa kuwa gumu, kwa sababu mara nyingi si gumu pale unapokaa.

Tumtendee haki mzee, uzito nao una sheria yake. Magari mawili yakigongana, jepesi ndilo linalobadilishiwa mwendo zaidi. 504 ya kilo 1,200 na Vitz ya kilo 1,000 zikikutana kila moja kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa Vitz unabadilika kwa 55 na wa 504 kwa 45. Ni faida, lakini ni ndogo, na inamezwa na ubora wa muundo. Sasa weka mbele yao lori la tani 15 kwa mwendo uleule. Vitz inatoka kilomita 50 mbele na kujikuta ikirudishwa nyuma kwa karibu 44: mabadiliko ya 94. Na 504? Mabadiliko ya 93. Yale majigambo yote ya chuma yamenunua kilomita moja kwa saa. Mbele ya lori magari yote mawili ni madogo.

Mahali ambapo 504 inaishinda Vitz kwa haki ni chini ya bodi, na cha kufurahisha ni kwamba inashinda kwa kanuni ileile ya umbali. Shimo la barabarani ni mgongano mdogo unaoelekea chini. Gurudumu linalobeba kilo 300 likitumbukia sentimita 10, kisha springi ikawa na sentimita 15 za kujikunja, kani inayopanda kwenye bodi ni ya wastani wa kilo 500. Springi ikiwa na sentimita 5 tu, ni kilo 900. Peugeot walizipa gari zao springi ndefu na laini, na shokapu zinazozituliza. Nguvu ya shimo inaliwa huko chini kabla haijafika kwenye mapingili, kwenye bodi, na kwenye kiuno cha dereva.

Rekodi inajieleza. 404, iliyotangulia 504, ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati zilishindwa na Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. 504 ikashinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978 kwa mkono wa Jean-Pierre Nicolas. Hayo hayakuwa mashindano ya kukimbia kwenye lami. Vitz imeundwa kwa lami ya Japani, kwa hiyo sentimita zake nyingi zimewekwa puani. Anayeipeleka kila siku kwenye barabara ya vumbi yenye matuta anailipisha deni ambalo mchoraji wake hakulitegemea, na ndiyo maana fundi wa magurudumu anamfahamu kwa jina.

Linabaki jambo moja, na ni la pesa. Vitz nyingi zinazouzwa huku zimeshatumika, na baadhi zimeshagonga. Bodi ya 504 ikinyooshwa kwa nyundo na kupakwa puti, gari linarudi karibu kama lilivyokuwa, kwa sababu usalama wake haukutegemea sana ule mpangilio wa kujikunja. Mhimili wa Vitz ukinyooshwa haurudi. Chuma kilichokwisha kupinda kinakuwa kigumu pale kilipokunjika, na kilichochomelewa kimebadilishwa na moto. Siku ya pili hakitajikunja kwa zamu iliyohesabiwa. Rangi inaweza kung'aa vizuri sana juu yake.

Ukienda kununua, fungua boneti ufuate kwa macho ile mihimili miwili kuanzia bampa hadi ukuta wa injini, kulia na kushoto. Tafuta mikunjo, kutu ya mahali pamoja, na alama za kuchomelea za upande mmoja zisizofanana na za upande wa pili. Kisha zungusha ufunguo bila kuwasha injini, utazame taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake kwa sekunde chache, halafu izime yenyewe. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameifunga au ameiondoa ili usione, na pengine mfuko wenyewe ulishafumuka siku nyingi zilizopita, huko ilikogonga mara ya kwanza.